Shajara ya mradi: silinda za kujifunzia kuchokonoa vitasa, Mtwara mjini

Kuchokonoa ni kufungua kitasa bila ufunguo wake, na silinda ni ile sehemu ya kitasa yenye tundu la ufunguo na pini. Lengo ni kupata seti ya silinda ambayo mwanafunzi wa ufundi wa funguo ataanza nayo ikiwa na pini moja, kisha aongezewe moja moja hadi tano, pamoja na vifaa vya kuchokonolea vinavyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa bila kusubiri mzigo wa Dar. Gharama zimeandikwa kwa bei za mtaani. Hatua za kawaida zimepitwa haraka. Pale palipoharibika kitu ndipo pana maelezo marefu, kwa kuwa ndipo anayeiga atakapokwama.

Masharti ni mawili na hayana mjadala karakanani. Unachokonoa kitasa chako mwenyewe tu, na hata hicho kisiwe kimefungwa kwenye mlango unaotumika, maana pini ikikwama utalala nje. Pili, vifaa havitoki karakanani mifukoni mwa watu. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zinamgusa anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na kumweleza askari saa tano usiku kwamba ulikuwa unajifunza si kazi nyepesi.

7 Juni 2025: Kufuli la plastiki limewekwa kando

Kufuli la plastiki angavu, lile linaloonyesha pini zote, ndilo hununuliwa kwanza na karibu kila anayeanza. La kwetu limefika kwa basi kwa Sh 38,000 pamoja na nauli ya mzigo. Linafaa kumwonyesha mtu asiyewahi kufungua kitasa jinsi kinavyofanya kazi: ufunguo sahihi ukiingia, kila pini ya chini (inayogusa ufunguo) inainuka kwa kiasi chake, maungio kati yake na pini ya juu (inayosukumwa na springi) yanakaa sawa na ukingo wa kiini, na kiini, yaani sehemu inayoingiwa na ufunguo, kinazunguka ndani ya ganda. Mpango huo ni ule ule wa Linus Yale Mdogo wa Marekani, aliyeuwekea hataza mwaka 1861, na silinda za milango ya alumini zinazouzwa leo zimeufuata.

Baada ya somo hilo kazi yake imekwisha. Matundu yake ni mapana kuliko pini, kwa hiyo ukitikisa kidogo tu linafunguka. Kibaya zaidi, jicho linafanya kazi ya kidole. Mwanafunzi anaona pini imefika, anaacha kuinua, anadhani amehisi. Akipewa silinda ya shaba iliyoziba anakuwa hajui chochote.

Kuchokonoa kunawezekana kwa sababu ya kasoro ndogo za kiwandani. Matundu matano hayakai kamwe kwenye mstari mmoja kamili, kwa hiyo kiini kikisukumwa kidogo kuzunguka, pini moja inabanwa kabla ya wenzake. Inuliwe hiyo mpaka maungio yake yafike ukingoni, kiini kitasogea kwa unywele mmoja, kisha pini nyingine itabanwa. Ndiyo kazi yote. Chombo cha kujifunzia kisichokuwa na mbano huo halisi hakifundishi kitu, na plastiki haina.

Uamuzi: zitumike silinda halisi zilizokwisha kung'olewa milangoni.

14 Juni: Silinda chakavu, na chumvi ya bahari

Silinda chakavu zinapatikana kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kwa mafundi alumini wanaobadilishia watu vitasa. Bei ni Sh 1,000 hadi 2,000 kwa moja. Chukua zenye ufunguo tu, hata kama ufunguo umepinda. Isiyo na ufunguo ni vigumu kuitoa kiini bila kwanza kuichokonoa, na hicho ndicho mwanafunzi bado hakijui.

Kabla ya kulipa, kwaruza kwa tupa sehemu isiyoonekana. Ikitoa unjano mpaka ndani, ni shaba. Ikitoa kijivu chini ya rangi ya dhahabu, ni aloi ya zinki iliyopakwa. Iache, matundu yake huliwa upesi na baada ya muda pini zinacheza kama za plastiki.

Silinda za nyumba za Shangani na Mikindani, zinazopigwa na upepo wa bahari, zilikuja na ukoko wa kijani na springi zilizoshika kutu. Njia iliyojaribiwa kwanza ni kuziloweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha. Ukoko ulitoka kweli. Ila asubuhi shaba ilikuwa imegeuka rangi ya waridi na uso wa pini umekuwa wa kukwaruza: asidi huila zinki iliyomo kwenye shaba ya njano na kuacha kopa tupu, laini na yenye vitundu vitundu. Pini za namna hiyo hunasa kila mahali, na mwanafunzi hatajua kama amehisi mbano au uchafu. Seti hiyo imerudishwa kwa mzani wa chakavu.

Kinachofaa ni mafuta ya taa. Loweka tangu asubuhi hadi jioni, sugua kwa mswaki wa zamani, pitisha uzi mnene kwenye tundu la ufunguo, kausha kivulini. Ukoko sugu unatolewa kwa kijiti cha mianzi, si kwa bisibisi. Springi zilizoshika kutu hazisafishwi, zitupwe.

Gharama ya hatua hii: silinda na mafuta ya taa, Sh 14,000.

28 Juni: Kutoa kiini bila kumwaga pini

Hapa ndipo kazi ya wengi inapoishia sakafuni. Ukichomoa kiini bila kitu kinachokifuata nyuma, springi zinafyatua pini za juu zote ndani ya ganda, na nyingine utazikuta chini ya kabati mwaka kesho. Kinahitajika kijiti cha duara chenye unene wa kiini chenyewe, kinachoingia huku kiini kinatoka, bila nafasi kati yao.

Kijiti cha kwanza kilichongwa kwa mbao laini ya msonobari. Kilitoshea vizuri mchana. Kesho yake kilikuwa kimevimba kwa unyevu na hakikuingia kabisa. Bomba la kalamu ni jembamba mno, pini zinatumbukia pembeni yake. Bomba la plastiki la maji la nusu inchi ni nene kupita kiasi.

Jibu limepatikana kwa wachongaji wa Kimakonde: vipande vya mpingo vinavyobaki baada ya kuchonga. Mpingo ni mzito, nyuzi zake zimebanana, unyevu hauusumbui sana, na ukipigwa msasa unateleza kama pembe. Kata kipande cha sentimita 10, kipunguze kwa tupa kuwa pembe nane, kibane kwenye drili, kizungushe ndani ya msasa namba 120, kisha 240, mwisho 400. Pima unene kwa vernia kila mara. Viini vya silinda zetu vilikuwa karibu milimita 13, na kijiti kinachofaa kinapungua hapo kwa sehemu ya kumi ya milimita, si zaidi. Ncha iwe bapa kabisa. Vumbi la mpingo linawasha pua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa na ufanyie nje.

Utaratibu wenyewe: toa klipu ya ndani kwa bisibisi ndogo bapa, ondoa ulimi wa katikati, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo ili matundu ya kiini yaache kuelekeana na ya ganda, kisha sukuma kwa kijiti kutoka nyuma. Fanya haya yote ndani ya sinia lenye kitambaa. Pini za chini zitolewe moja moja na zipangwe kwenye kadi yenye mistari iliyoandikwa 1 hadi 5 kuanzia mdomoni mwa tundu.

Silinda ya pande mbili ikikatwa kwa msumeno katikati, pale penye tundu la skurubu, inatoa silinda mbili za mazoezi na nafasi nzuri ya kubana kwenye jiliwa.

Mpingo: bure. Msasa: Sh 3,000.

12 Julai: Vichokonoo vya bledi ya msumeno

Bledi ya msumeno wa chuma ina urefu wa sentimita 30 na unene wa karibu milimita 0.6, ambao ndio unene unaotakiwa. Bei ni Sh 2,500, na kila moja inatoa vichokonoo viwili au vitatu.

Sio kila bledi inafaa. Ile ngumu yote huvunjika kama kioo ukiipinda. Kichokonoo chake kitakatikia ndani ya silinda. Ile inayopindika, ambayo ugumu wake uko kwenye meno peke yake, ndiyo ya kununua. Muombe muuzaji uipinde kidogo mbele yake. Akikataa, umeshajua aina yake.

Kwanza meno yote yasagwe mpaka yaishe, maana yametanuliwa kando na yanafanya bledi kuwa pana kuliko ilivyo. Chora umbo kwa wino. Anza na ndoano fupi: shingo yenye kimo cha milimita 2 hadi 2.5, ncha inayopanda milimita 1.5 hivi juu ya shingo, na mviringo laini, isiwe na kona. Umbo la mawimbi kwa ajili ya kukwangua pini zote kwa pamoja limeachwa nje kwa makusudi. Linafungua silinda duni haraka, na mwanafunzi akishaonja hilo hataki tena kuhisi pini moja moja.

Kilichoharibu vichokonoo vya awali ni joto la grainda. Chuma kikiwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa, joto linaonekana kwa rangi inayotambaa juu yake: kwanza ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Kwenye buluu ugumu umeshuka. Kikipita hapo na kuwa kijivu, ncha inapinda kama waya wa kufungia nondo na hairudi. Dawa yake ni kugusa jiwe kwa sekunde moja au mbili, kutumbukiza kwenye maji, na kurudia. Kidole kisichovaa glavu kishike karibu na ncha. Kikianza kuungua, umechelewa. Milimita ya mwisho ifanywe kwa tupa ndogo za sonara, si kwa grainda.

Kusugua ndiko kunakopuuzwa. Alama za jiwe zilizobaki kwenye shingo hukwaruza ndani ya tundu, na mkwaruzo huo mkononi unafanana sana na pini inayobanwa. Pitisha msasa namba 400, 600, kisha 1000 kwa kufuata urefu, siyo kukata. Mpini umetengenezwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa na kufungwa kwa uzi wa nyavu. Usinenepeshe sana: mpini mnene unamfanya mtu ashike kwa ngumi, na ngumi haihisi.

19 Julai: Vikaza

Kikaza ni kile kijichuma chenye umbo la herufi L kinachokaa mdomoni mwa tundu na kusukuma kiini. Wanafunzi hukidharau kwa sababu hakifanyi mbwembwe. Ukweli ni kwamba mkono wa kikaza ndio unaofungua. Mwingine unainua tu.

Njiti za baiskeli zimejaribiwa: unene wa milimita 2, zikagongwa ncha kwa nyundo mpaka zikawa bapa. Zinaingia, ila za bei nafuu zinalegea pindo. Unasukuma, chuma kinakunjika badala ya kiini kusogea, na mwanafunzi anaongeza nguvu bila kujua. Mbavu za mwavuli ni mbaya zaidi, kwani zina mfereji katikati na hukunjana.

Kilichofaulu ni vile vyuma viwili vyembamba vilivyomo ndani ya mpira wa waipa ya gari. Gereji wanazitupa. Ni chuma kisichoshika kutu, chenye uspringi, na unene wake wa karibu milimita 1 unatosha mdomo wa silinda nyingi. Kata sentimita 8, pinda sentimita 1.5 ya mwisho. Usiupashe moto ili kurahisisha kupinda: pindo litakuwa laini na uspringi utapotea pale pale unapohitajika. Upinde ukiwa baridi, ndani ya jiliwa, kuzunguka msumari mnene. Ukipinda kwa kona kali unapasuka.

Kuna mahali pawili pa kukiweka. Upande usio na pini ni rahisi, ila kinakula nafasi ya kichokonoo. Upande wa pini, mdomoni kabisa kabla ya pini ya kwanza, kunabaki nafasi yote, lakini ncha lazima ipunguzwe kwa tupa mpaka ikae bila kucheza, na isiguse pini ya kwanza. Silinda za tundu jembamba tunazopata hapa zinataka huu wa pili.

2 Agosti: Kupima mkazo kwa chupa ya maji

Kumwambia mtu "kaza kidogo" hakusaidii; kidogo cha mbeba magunia si kidogo cha fundi saa. Kwa hiyo mkazo umegeuzwa kuwa maji.

Silinda inabanwa kwenye jiliwa, kikaza kinakaa mlalo. Sentimita 6 kutoka katikati ya kiini kunakatwa alama ndogo kwa tupa, na hapo inaning'inizwa chupa ndogo ya plastiki ya dawa kwa mshipi wa kuvulia. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo bomba la sindano la mililita 10 linatosha kuwa mizani. Uzito wa chupa yenyewe upimwe kwanza kwa sonara na uandikwe juu yake.

Kwa silinda zetu zilizosafishwa, gramu 40 hadi 50 zilitosha kushikilia pini moja isirudi chini. Zenye pini zote tano zilikuwa na raha kati ya gramu 100 na 150. Kuanzia gramu 400 hali inageuka: pini mbili au tatu zinabanwa kwa pamoja, kila unayoigusa ni ngumu, kichokonoo kinapinda. Hapo ndipo wanapoishi wanafunzi wengi, nao hudhani silinda ni ngumu.

Zoezi: chupa ikiwa na gramu 120, mwanafunzi ainue pini kwa mkono mmoja bila kugusa kikaza. Kisha chupa itolewe, aweke kidole mahali pa mshipi na atafute uzito ule ule. Kidole kimoja, cha shahada, kwenye ncha ya kikaza. Kidole gumba kikisaidia tu, nguvu imeshapita. Rudisha chupa alinganishe.

Jambo la kuangalia: upepo wa kusi ukipita dirishani chupa inayumba na mkazo unapanda na kushuka. Funga dirisha.

23 Agosti: Kutoka pini moja hadi tano

Silinda tano zimepakwa alama ya rangi ya kucha, kila moja na idadi yake ya pini. Mpangilio wa kuzijaza umebadilika baada ya kutumika.

Awali pini ziliongezwa kuanzia mdomoni: silinda ya pini mbili ilikuwa na namba 1 na 2, ya tatu 1 hadi 3, na kuendelea. Matokeo yake ni kwamba mtu anazoea kufanya kazi mdomoni na akifika kwenye pini tano anaziacha za nyuma bila kuziona. Sasa silinda ya pini moja inayo namba 4, iliyo ndani kabisa karibu na mwisho. Ya pini mbili ina 2 na 5. Ya tatu ina 1, 3 na 5. Hivyo tangu mwanzo mkono unajua kina, na unajua kupita chini ya pini moja bila kuiinua ili kufikia nyingine. Kosa hilo la kuinua ya mbele kwa shingo ya kichokonoo ndilo linalokwamisha kuliko yote, na halionekani mpaka pini za mbele na nyuma ziwe na urefu tofauti. Kwa hiyo weka pini ndefu mbele na fupi nyuma kwa makusudi.

Kila pini ina hali nne, na mwanafunzi azitaje kwa sauti anapogusa. Ikirudi na springi bila upinzani, haijabanwa, iache. Ikiwa ngumu lakini inasogea kidogo, ndiyo inayobanwa, iinue. Ikicheza huru kwa nafasi ndogo bila kusukumwa na springi, imekaa. Ikiwa ngumu kabisa, haiendi popote, na kiini kimeacha kusogea, imepandishwa kupita ukingo. Pini ya chini imeingia ndani ya ganda. Hii ya mwisho haina tiba nyingine ila kulegeza kikaza polepole, usikilize vibofyo vya pini zinazoanguka, uache mara tu baada ya kibofyo cha kwanza. Wenye haraka huachia yote na kuanza upya, na hivyo hawajifunzi kulegeza.

Andika mfuatano wa mbano kwenye kadi ya silinda, kwa mfano 3, 1, 5, 2, 4. Ukishaandikwa na kukubaliana mara kwa mara, silinda hiyo imekufa kimazoezi: mkono umekariri. Badilisha pini za chini kati ya matundu. Mfuatano wenyewe unategemea zaidi matundu kuliko pini, kwa hiyo utashangaa kuona haubadiliki sana. Ila vimo vinabadilika, na hiyo inatosha kumwamsha aliyelala.

Silinda ibanwe jinsi inavyokaa mlangoni, pini zikiwa upande wa chini zikisukumwa juu na springi; kwa mkao huu "kuinua" pini ni kuisukuma kuelekea springi. Vielelezo vingi vya kigeni vinaionyesha imegeuzwa, pini juu. Aliyejifunza hivyo tu anapotea mbele ya mlango wa mteja.

13 Septemba: Kufungua ganda kwa chini, njia iliyoachwa

Wazo lilikuwa kuondoa vizibo vya shaba chini ya ganda, kukata uzi wa skurubu ndani ya kila tundu na kufunga kwa skurubu fupi, ili pini zibadilishwe bila kutoa kiini. Tepu ya M4, chombo cha kukatia uzi huo, ilinunuliwa Sh 8,000, na drili ya milimita 3.3.

Haikufaulu, na sababu yake ni hesabu ya darasani. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni karibu milimita 4. Skurubu ya M4 nayo ina kipenyo cha milimita 4. Ukuta kati ya matundu unabaki sifuri. Uzi wa tundu la pili ulikula wa la kwanza na shaba ikachanika. Tepu ya M3.5 ingeacha nusu milimita, lakini madukani hapa hatukuipata.

Tundu moja la pembeni lililofanikiwa lilileta tatizo la pili. Tepu ilizama mno, na pini ya juu ikawa inapita kwenye uzi. Kila mzunguko wa uzi uliinasa, ukitoa kibofyo cha uongo. Atakayerudia hatua hii akiwa na tepu ndogo asizidi milimita 4 za kina.

Mbadala umepatikana kwa silinda moja: chini ya ganda imepigwa tupa mpaka bapa, matundu yakaachwa wazi, na juu yake kikafungwa kipande cha bati la unene wa milimita 1 kwa waya pande mbili. Inafanya kazi, ingawa waya ukilegea springi zinaruka. Kwa nyingine zote, kijiti cha mpingo kinabaki kuwa njia ya haraka kuliko hii.

4 Oktoba: Pini za kiuno

Silinda bora zina pini za juu zenye kiuno katikati, kama kidonge cha uzi wa cherehani. Zikibanwa kwa pembeni, kiini kinazunguka digrii kadhaa ghafla kisha kinakwama. Asiyejua hushangilia.

Za mazoezi zinatengenezwa kutokana na pini za kawaida. Meno ya drili huponda shaba, kwa hiyo pini ivikwe mkanda mmoja wa karatasi kabla ya kubanwa, nusu itokeze nje. Zungusha polepole, gusa kwa tupa ya sonara ya duara. Acha kichwa cha milimita 0.7 kila upande. Kwenye pini yenye unene wa karibu milimita 3, kiuno kisipungue milimita 1.8, chini ya hapo zilikuwa zinakatika wakati wa kugeuzwa upande wa pili. Kwangua ukucha wa shaba unaobaki kwenye kingo, la sivyo pini haishuki tena.

Weka moja tu, kwenye tundu la 3, ndani ya silinda ya pini tano. Kiini kikizunguka na kukwama, tafuta pini ambayo ukiinua, kiini kinarudi nyuma kinyume na kidole chako. Ndiyo yenyewe. Kidole cha kikaza kikubali kurudishwa, bila kuachia. Kwa chupa ya maji, hali hii ilipita kwa gramu 60 hadi 80. Kwa 150 pini ilikataa. Pini zilizokwisha kukaa zinaweza kuanguka wakati kiini kinarudi, na hilo ni kawaida, zikae upya.

25 Oktoba: Kutunza, na kitasa cha ufunguo wa miguu

Silinda zilizoachwa kwenye rafu ya dirishani zilishika kutu kwenye springi kabla hata ya kusi kuisha. Sasa zinakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa silinda, si mafuta ya kupikia, ambayo hugeuka gundi. Unga wa penseli ya 2B unafaa bara. Hapa pwani unashikana na unyevu na kuwa tope.

Msimu wa korosho umefika na makufuli ya maghala yanaletwa kwa wingi, mengi yakiwa yamekwama kwa chumvi tu. Hayachokonolewi kabla ya kutiwa mafuta. Mwenye kufuli aje na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe anayemfahamu, na jina liandikwe daftarini kabla ya kifaa chochote kutolewa.

Sehemu inayoendelea ni kitasa cha zamani cha ufunguo wa miguu, kisichotumia pini bali vibati vitatu vya kuinuliwa. Mfuniko wake umeondolewa kitasa kikiwa kimelala bapa, kwa kuwa vibati vina springi za kuruka, na mahali pake pamewekwa plastiki angavu ya kasha la CD. Plastiki ilipasuka kwenye tundu la skurubu lililokuwa karibu sana na ukingo. Ya pili imetobolewa kwa msumari uliopashwa moto, sentimita moja kutoka ukingoni, na imeshika. Vifaa vyake ni njiti mbili za baiskeli zilizopindwa, moja ya kusukuma komeo na nyingine ya kuinua vibati. Kwa kazi hii ulaini wake hausumbui. Jumla ya gharama mpaka leo, ukiondoa kufuli la plastiki na tepu ya M4, ni Sh 31,500.